Manyoya ya Meneja na Majoho Arobaini

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeanza kuandika shajara. Sababu ni mbili. Mwanangu anahitimu tarehe 22, na mama wa daktari hawezi kukaa bila kumbukumbu. Halafu hili daftari la vipimo vya wateja lina kurasa nyingi ambazo hakuna aliyekuja kupimwa.

Habari kubwa sasa. Chuo kimenipa kazi ya kushona majoho meusi arobaini ya mahafali! Mimi, niliyeishia darasa la saba! Bibi Stoo, yule mama anayeshika stoo ya chuo, alikuja mwenyewe na majora ya kitambaa. Hata kabla hajavuka kizingiti nikamwambia kwamba binti yangu ni mmoja wa hao watakaovaa. Akasema anajua, nilimwambia safari iliyopita. Nikamwambia tena.

Kwa ukamilifu wa maandishi: mwanangu anasomea afya ya mifugo, miaka miwili. Wenye wivu wanasema huo si udaktari. Mimi nawauliza, anachoma sindano, hachomi? Basi. Mtaa mzima unaniita Mama Daktari, na asiyejua namfundisha. Mume wangu naye ni Baba Daktari, ingawa akiitwa hivyo hugeuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Nimeshatangaza kila mahali kwamba mwanangu atahitimu ndani ya joho lililoshonwa na mama yake. Dukani nimesema. Kwa kinyozi nimesema, na wala sikwenda kunyoa. Kwa hiyo jambo hili halina kurudi nyuma.

Kuna tatizo dogo, dogo sana. Joho la kwanza limetoka kwenye cherehani likiwa na ndevu! Manyoya meupe, mbele na nyuma. Ni ya Meneja, mbwa wa mwanangu, aliyetuachia tumtunze alipokwenda chuo. Alimpa jina hilo kwa sababu hukaa mlangoni siku nzima akiangalia wenzake wakifanya kazi. Ni mweupe na ana manyoya ya kujaza mto. Amekuwa akipukutika miaka yote, lakini nilikuwa nashona mashati ya rangi ya maziwa na hakuna aliyelalamika. Hiki cheusi ndicho kimetuumbua.

Nimeyatoa kwa vidole, moja moja. Nikamaliza saa kumi jioni. Meneja akaingia, akajikung'uta, akatoka.

Nimeanza upya.


Jumanne, 4 Novemba

Nimempigia simu mwanangu. Ushauri wa daktari bure, nani mwingine mtaani anao? Akasema mama, mchane kila siku dakika kumi, nje ya nyumba. Kama huna brashi vaa glavu ya mpira yenye unyevu, mpapase kuelekea mkiani, manyoya yaliyokufa yatatoka yote. Makochi nayo yafute kwa glavu hiyohiyo. Kwisha. Hakuna cha kununua.

Nilimsikiliza kwa heshima zote. Lakini mimi ni fundi wa miaka ishirini na sita. Nguo ikianza kufumuka, unauvuta uzi? Huuvuti! Ukiuvuta umebaki na kola na vifungo. Sasa mbwa anafumuka, nimchane? Mwanangu ana elimu, sikatai, ila hajawahi kushona.

Nikapita duka la dawa za mifugo kuulizia brashi, kwa kujua tu. Bei yake! Ningepata mbwa mwingine, asiye na manyoya. Nikamwambia muuzaji binti yangu ni daktari. Akanipongeza. Bei ikabaki palepale.

Nikarudi nyumbani na akili yangu. Nilichukua selotepu pana ya mume wangu, nikamzungushia Meneja kiunoni, gundi ikitazama nje. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nyoya likidondoka linanaswa kabla halijafika chini. Alionekana mtanashati, kama aliyefunga mkanda wa kazini.

Akapita chini ya meza ya kukatia. Alipotokea upande wa pili alikuwa na vifungo vitatu, kipande cha chaki, na karatasi yangu ya kukatia mabega. Halafu akatoka mbio barabarani! Alikokwenda sasa. Moja kwa moja kwa Fundi Suti.

Fundi Suti ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Huvaa suti hata jua likiwa la kukaangia mayai, eti yeye mwenyewe ndiye tangazo. Alinirudishia mbwa na karatasi. Akasema ameitazama kidogo, samahani, na bega la kushoto limekaa upande. Akaniita Mama Daktari kwa sauti ya mtu anayemeza kicheko.

Nimelipima hilo bega mara nne. Limekaa upande. Lakini ni kwa sababu lilibebwa na mbwa.


Ijumaa, 7 Novemba

Majoho kumi na moja yamekwisha. Manyoya hayajakwisha.

Sielewi kitu kimoja. Tangu Jumatatu nimekusanya manyoya kwenye mfuko wa sukari, mfuko umejaa, na ukiubonyeza unanyanyuka tena kama mtu anayekataa kulala. Ndani mna mbwa mzima. Lakini Meneja yuko vilevile, hajapungua hata kidole! Hayo yanatoka wapi? Nilimuuliza mume wangu. Akasema yanaota mengine. Nikamuuliza saa ngapi, mbona sijayaona yakiota? Akarudi kwenye gazeti lake.

Saa nne akaja Bibi Stoo kukagua. Sketi nyeusi, imepigwa pasi mpaka unaona uso wako. Nikakimbilia shuka nitandike kwenye kochi. Nikachelewa. Alikuwa ameshakaa.

Akasifu mshono. Akasifu pindo. Akanywa chai. Akasimama.

Jamani! Nyuma yake alikuwa Meneja mtupu. Mume wangu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Utamwambiaje mtu mwenye cheo kwamba ameota manyoya, tena sehemu hiyo? Nikajipa moyo kwamba upepo wa njiani utasaidia. Nikamsindikiza nikitembea nyuma yake, karibu kabisa, kumsitiri. Akaniuliza kulikoni mbona namkanyaga visigino. Nikasema ni mapenzi.

Fundi Suti alisimama mlangoni kwake akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa Bibi Stoo alipopita. Kisha akainamisha tena alipomwona kwa nyuma, safari hii kuficha kicheko.


Jumamosi, 8 Novemba

Upepo haukusaidia.

Bibi Stoo amerudi asubuhi. Hakukaa. Jana kutoka kwangu alikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha wakuu wa idara, akasimama kusoma taarifa ya stoo, akageuka kuandika ubaoni. Mkuu wa chuo akamuuliza kwa upole kama siku hizi anafuga mbuzi.

Hakunipigia kelele. Ndicho kilichonitisha. Alisema Jumatano tarehe 19 atakuja na kurunzi, ayakague majoho yote arobaini, moja baada ya jingine, ndani na nje. Akiona nyoya moja, moja tu, kazi yote inahamia kwa Fundi Suti na yeye atashona usiku na mchana apate kumaliza. Nikamuuliza je, na joho la binti yangu? Akasema na la binti yako.

Mwanangu ahitimu ndani ya joho la Fundi Suti! Nimelia kidogo. Nimegeukia ukutani, machozi yasidondokee kitambaa.

Baba Daktari akasema Meneja aende kwa kaka yake mpaka mahafali yapite. Akasema kwa upole, maana anampenda yule mbwa kuliko mimi ninavyompenda. Nikakataa. Meneja aliokotwa na mwanangu mtaroni, akiwa wa kuenea kiganjani, macho yamegandana. Binti mwenyewe alikuwa wa miaka kumi na mbili. Akamlisha kwa kijiko cha dawa wiki tatu, na siku mbwa alipofungua macho ndipo mtoto aliposema anataka kusomea wanyama. Bila Meneja hakuna Daktari. Bila Daktari mimi ni nani? Fundi tu mwenye bega la upande.

Mbwa anabaki. Majoho yanabaki. Manyoya ndiyo yatakayohama.

Fundi Suti ametundika kibao kipya leo. Kimeandikwa HAPA HAKUNA MBWA. Herufi kubwa, na mstari chini yake.


Jumatatu, 10 Novemba

Nimempata mtaalamu! Jirani yangu msusi. Ana mafuta yake ya chupa ya kijani, ya kuzuia nywele kukatika. Wanawake wanatoka mbali kuyafuata. Nikamuuliza yanafanya kazi kwa kila kichwa? Akasema mwenzangu, kichwa chochote. Sikumwambia ni kichwa cha nani, wala kwamba nitateremka mpaka mkiani. Akanipa chupa iliyobaki nusu, bure, kwa kuwa nilimpunguzia magauni yake mawili kiunoni, na lile la tatu nikamwongezea.

Nimempaka Meneja yote. Anang'aa! Nyoya hata moja halianguki, yote yamelala kama nywele za bwana harusi. Nimemwita Baba Daktari aje aone. Ameangalia muda mrefu. Akaniuliza mbwa atakaa wapi sasa. Sikumwelewa swali.


Jumanne, 11 Novemba

Nimemwelewa swali.

Meneja amekaa juu ya majoho mawili. Yana madoa ya mafuta yenye umbo la mbwa aliyejikunja, masikio yanaonekana kabisa. Nimefua kwa sabuni ya vyombo, nimeanika kivulini, nimeomba. Madoa yametoka. Ila wakati nafua, Meneja alikuja kunipa moyo, akajilaza kwenye beseni la nguo safi.

Mafuta yameshakauka na manyoya yanaanguka mara mbili zaidi. Sasa yananukia maua. Msusi amenieleza mlangoni kwamba mafuta yale yanazuia kukatika, hayazuii kung'oka, ni mambo mawili tofauti. Mbona hakusema? Mbona mambo yawe mawili wakati nyoya ni moja?

Siku nane zimebaki. Majoho kumi na tisa yamekwisha.


Alhamisi, 13 Novemba

Sijui kwa nini jambo hili halikunijia siku ya kwanza. Mimi ni nani? Fundi! Nina nini? Cherehani! Mbwa anapukutika ndani ya nyumba kwa sababu hakuvaa kitu. Watu wote tunapukutika, ila tumejisitiri.

Nimemshonea Meneja koti.

Nilimpima kama mteja yeyote. Kifua, kiuno, urefu wa mgongo, mikono. Hapo kwenye mikono nilikaa nikafikiri, maana ni minne, na sikujua mikono inaishia wapi na miguu inaanzia wapi. Nikaandika daftarini: Meneja, mikono mirefu, jozi mbili. Kitambaa ni mabaki ya bitana nyeusi, hayakunigharimu chochote. Nikaweka vifungo tumboni, visionekane. Halafu nikakumbuka kwamba ni mbwa dume na ana haja zake, nikafungua pale nikaweka kilango. Mkia nao ukapata kishimo chenye ukingo, nimeuzungushia mshono wa tundu la kifungo. Kazi safi. Hata Fundi Suti hawezi kuweka mkia namna ile.

Meneja alivyovaa alisimama wima katikati ya chumba nusu saa bila kusogeza mguu. Nafikiri alikuwa anatafakari. Kisha akaanguka upande, taratibu, kama kabati.

Jioni akaweza kutembea. Nimetazama sakafu. Safi! Nimejipigia makofi mwenyewe. Nikampigia mwanangu. Akauliza kama mbwa anapumua vizuri. Nikamwambia anapumua kama afisa. Akaomba kuongea na baba yake. Wameongea muda mrefu, baba mtu akiitikia tu, ndiyo mwanangu, ndiyo, ninazo, zile za kusafishia choo, hapana, mpya.

Sikuuliza. Nina majoho kumi na tano bado.


Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi nimefungua koti kumpa Meneja nafasi. Loo! Wingu! Nilikohoa mpaka msusi akaja kuuliza kama kuna moto. Manyoya yote yaliyokuwa hayaanguki jana yalikuwa yamekaa humo ndani, yakinisubiri.

Baba Daktari amesema tangu kesho yeye ndiye atakayemvua koti, nje, nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji, alfajiri kabla sijaamka. Mume mwema. Amesema pia kwamba atakuwa anamchana. Nikamkataza palepale. Nikamweleza habari ya nguo inayofumuka na uzi. Nikamwuliza amenielewa? Akasema ndiyo.

Mume wangu akisema ndiyo, jambo limekwisha.


Jumapili, 16 Novemba

Koti linafanya maajabu! Kila siku linafanya kazi zaidi ya jana. Asubuhi hii nimefungua vifungo vyote mbele ya mashahidi, mimi na msusi, hata nyoya halikuruka. Msusi ametikisa kichwa kwa kustaajabu. Nimemwambia ni kitambaa. Kinazoea.

Lakini kuna jambo jipya linanichanganya, na sijui nimwambie nani.

Baba Daktari ananyonyoka.

Sitanii. Anaingia kutoka nje saa kumi na mbili akiwa na nywele nyeupe kwenye suruali, kwenye mikono ya shati, mpaka kwenye nyusi. Nimeziokota nikazitazama kwenye mwanga. Nyeupe, fupifupi, laini. Za Meneja haziwezi kuwa, Meneja amevaa koti. Nimemtazama kichwani kwa siri alipokuwa anakula. Mvi zake zipo, lakini naona kama zimepungua upande wa nyuma.

Miaka ishirini na nane ya ndoa! Nilikuwa nashughulikia mbwa, kumbe mume anaisha.


Jumatatu, 17 Novemba

Nimempa Baba Daktari mayai mawili asubuhi na mawili jioni, msusi anasema yanashika nywele. Amekula bila kuuliza. Amefurahi sana, masikini. Hajui kinachomsibu.

Halafu nimempaka yale mafuta ya chupa ya kijani yaliyobaki kwenye kifuniko. Hapo akauliza. Nikamwambia nakupenda hivyohivyo ulivyo, hata ukibaki kipara. Akaniangalia. Akasema mke wangu, hizi ni za mbwa, namchana kila alfajiri na glavu, kama mtoto alivyosema, na makochi nayafuta. Nikamshika mkono. Wanaume wanaona aibu sana na mambo ya mwili wao. Nikamwambia sawa, ni za mbwa. Nikamwongezea yai.

Majoho thelathini na sita yamekwisha. Nimepitisha kitambaa cheusi juu ya yote. Kimebaki cheusi.


Jumatano, 19 Novemba

Siku ya kurunzi.

Majoho arobaini yamening'inia kwenye kamba tatu sebuleni, nyumba imekuwa giza kama mawingu ya mvua. Bibi Stoo amekuja amevaa sketi ya kijivu. Hakukaa, nilimletea kiti cha jikoni, hakukaa. Amewasha kurunzi yake mchana kweupe na ameanza kwenye joho la kwanza.

Ndani. Nje. Pindo. Kwapa. Moja. La pili. La tatu. Mimi nilisimama pembeni nimeshika futi ya kupimia kama mtu anayetaka kujinyonga nayo. Meneja alikaa mlangoni ndani ya koti lake, akisimamia. Ng'ambo ya barabara Fundi Suti alikuwa ametoa meza yake nje kabisa, mkasi mkononi, tayari kupokea.

Kwenye joho la kumi na saba akasimama. Akasogeza kurunzi. Akainama. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Akavuta kitu kwa kucha.

Uzi. Uzi mweupe wa kupigia bandi, wa kushikizia tu kabla ya mshono!

Akautupa. Akaendelea. Alipofika la arobaini akazima kurunzi, akakaa mwenyewe kwenye kochi. Mimi na Baba Daktari tukaacha kupumua. Akasimama, akageuka, akaomba nimwangalie nyuma. Safi! Safi kama amezaliwa leo!

Akauliza nimefanyaje. Nikamwonyesha koti. Nikamfungulia vifungo, nikamwonyesha kilango, nikamwonyesha kishimo cha mkia. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho maishani. Nilitaka Baba Daktari asikie, lakini alikuwa ametoka nje, akakaa juu ya pipa la maji akiwa amejifunika uso kwa viganja. Nafikiri alikuwa analia kwa furaha.

Joho la mwanangu nimelitia alama ndani ya kola. Mshono mdogo wa uzi mwekundu, hakuna atakayeuona. Nimelibusu pia. Hilo silo la kuandika, lakini nimeshaliandika.


Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya kufanya usafi. Nimekuta glavu mbili za mpira nyuma ya pipa, na brashi ya viatu iliyojaa nywele za Baba Daktari, inatia huruma. Mbona ajichane kichwa na brashi ya viatu? Nimeisafisha, nikampa msusi vyote, brashi na glavu, kwa shukrani ya mafuta. Sisi hatuna kazi navyo tena.


Jumamosi, 22 Novemba

Nitajitahidi kuandika taratibu, nisiruke kitu.

Waliingia kwa mstari, arobaini, ndani ya kazi ya mikono yangu! Kila bega likipita nalitazama. Walipofika katikati nikamwona. Alitembea kama mtu anayekwenda kumtibu mfalme wa ng'ombe. Jina lake likasomwa, nikasimama, nikapiga kelele kwamba huyo ni wangu na joho ni langu. Mama wa mbele yangu akaniomba nikae. Nikamwambia wa kwake yuko wapi, akanionyesha, nikamwambia na hilo pia ni langu. Tukacheka, tukashikana mikono, tukalia wote.

Baadaye mwanangu amekuja kunikumbatia. Akageuza kola, akaona uzi mwekundu, akaupapasa kwa kidole. Kisha akasema mama, lazima ujue jambo. Baba ndiye aliyekuwa anamchana Meneja kila alfajiri, nilimwelekeza kwenye simu. Manyoya yamekwisha kwa sababu ya kuchanwa.

Nilicheka mpaka machozi yakarudi. Mtoto mwenye moyo! Anataka baba yake naye apate sifa siku kama ya leo. Nikamwambia sawa mwanangu, baba yako amesaidia sana, hasa kula mayai.

Basi nikaanza kuwaelezea watu habari ya koti. Mzazi mmoja, wawili, wakawa duara. Mwalimu wao mkuu wa idara akasikia, akasogea, akanihoji maswali ya kitaalamu. Mimi, darasa la saba, nahojiwa na msomi! Nikamwambia nyumbani kwangu mbwa hapukutiki. Nikamwambia niletewe mbwa yeyote duniani. Mwanangu alikuwa ananivuta mkono wa gauni. Nikamwambia asubiri, mama anaongea na mwenzake.


Jumatano, 26 Novemba

Furaha mbili kwa siku moja!

Asubuhi Bibi Stoo ameleta majora mapya. Makoti meupe sitini, ya maabara, ya wanafunzi wanaoingia Januari. Hakutaka hata kumwuliza Fundi Suti. Kile kibao chake amekishusha, nimekiona kimeegemezwa ukutani, kimegeuzwa uso.

Saa nane mwalimu mkuu wa idara ameshusha mbwa wake. Anakwenda kwenye mafunzo miezi miwili, na tangu anisikie Jumamosi alijua pa kumweka. Mbwa mkubwa kama kochi la watu wawili. Mweusi tii. Manyoya yanaburura sakafuni, na alipopanda ngazi tu aliacha njia nyuma yake, ungeweza kumfuata hata kama hujawahi kufika kwangu. Nilimpokea kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Baba Daktari alipoingia alimtazama mbwa. Akatazama majora meupe. Akakaa chini. Si kwenye kochi, chini. Akauliza kwa sauti ndogo glavu zake ziko wapi. Nikamwambia nilimpa msusi, jambo lile si lilikwisha? Akaniomba basi niende kwa msusi nikazichukue, hata moja. Nikamwambia apumzike, nywele zake zimeanza kurudi vizuri, asijitie mawazo. Jeusi juu ya jeupe wala si tatizo, nyoya litaonekana tangu mlangoni. Ukiliona, umeshalishinda.

Mwanangu amepiga simu, amesema mama, safari hii tafadhali mchane. Daktari wangu. Anamjali mama yake.

Nimeshampima mgeni. Kifua, kiuno, mikono, jozi mbili. Koti lake litakula mita tatu, na safari hii natia mifuko.